Naomba ushauri, mdogo wangu na tiba ya muziki
Habari zenu wakuu, niko Igoma hapa Mwanza. Mdogo wangu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo) mwaka wa 4 sasa, dawa anameza vizuri na zile sauti zimepungua ila amekuwa mkimya mno, anashinda amekaa tu. Juzi kwaya ya jirani wako mazoezini nikamwona vidole vinagonga ndoo kwa mapigo yaleyale, akaanza kuimba chinichini, jamani nililia. Nikamnunulia redio, lakini ikipanda sauti kidogo anaziba masikio anatoka nje. Najua muziki unaenda pamoja na dawa, dawa haziachwi. Mliowahi kuumwa hivi, muziki mliusikiaje? Na nianze kupiga naye ngoma taratibu au nimwache asikilize kwanza?