MJADALA: Serikali iache kulisha maskini, makanisa yabebe?

Shemasi_Mkongwe
Wakuu, tuchukulie kuna nchi ya Kikristo iliyoshika Biblia kwelikweli. Hakuna TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), hakuna pensheni ya wazee. Mwenye shida anakwenda kwa usharika wake. Nasema maskini angekaa vizuri kuliko sasa. Kumbukumbu la Torati 14:28-29: zaka ya mwaka wa tatu inawekwa malangoni, wanakula Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kanisa linamjua mtu wake. Na lisitoe pesa, litoe unga. Pesa zinaishia kwenye vocha.

Mama_Soko
Shemasi, umeruka 1 Timotheo 5:9: mjane asiandikwe kwenye orodha ya kusaidiwa kama hajafikisha miaka 60. Wa miaka 34 mwenye watoto wanne anakula wapi kwenye nchi yako? Na hilo la vocha ulifute.

Shemasi_Mkongwe
Dada yangu, soma mpaka aya ya 14. Wajane vijana waolewe.

Mama_Soko
Na hao watoto wanne utawaoa wewe?

Kalamu_Nyekundu
😂😂 Tuache utani. Uingereza walishafanya hivyo, sheria ya Malkia Elizabeth ya 1600 na kitu. Kila parokia ililisha maskini wake.

Msoma_Nyaraka
Ni 1601, na hukumalizia. Fedha ile ilikuwa kodi ya lazima kwa wenye nyumba na ardhi, na waangalizi wa maskini waliteuliwa na mahakimu. Hiyo ni serikali iliyovaa kanzu. Kila mdomo ukawa gharama ya parokia, hivyo mgeni aliyeonekana atakuja kuwa mzigo akawa anarudishwa alikotoka. 1662 wakaitungia sheria kabisa. Huyo "mgeni" wa Torati alikuwa wa kwanza kutupwa nje ya lango.

Kinu_Hakilali
Nyie bishaneni Elizabeth, mimi nimekwama kwenye unga. Unga upi? Dona ina kiini, na kiini kina mafuta; kwenye joto stoo ya kanisa inachacha mapema, inakuwa chungu. Sembe inakaa zaidi, ila ukikoboa robo hivi ya gunia imeondoka na pumba. Kama ni lazima msaada uwe chakula, wekeni mahindi, msage kidogo kidogo.

Pimeni kwanza: konzi mbili za mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Yakikauka, mfuko wa tabaka tatu: nailoni mbili ndani, sandarusi nje. Kamua hewa, funga kila nailoni peke yake. Wadudu wanakosa pumzi, dawa haihitajiki. Ukifungia mabichi umefuga ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara 2016, na kuchemsha ugali hakuiondoi.

Shemasi_Mkongwe
Kwa hiyo kanisa linalisha watu sumu? Kuwa na adabu.

Kinu_Hakilali
Nimesema mpime. Ukiona pamekuuma hapo, stoo yenu naijua bila kuiona.

Mama_Soko
Ndiyo maana nasema bora pesa, kwa simu. Ila tuma na ya kutolea, la sivyo makato yanakula kibaba cha unga. Na angalieni laini ni ya nani: bibi wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au mjukuu. Meseji inaingia kwa bibi, siku laini ikipotea anayeirudisha ni mjukuu, salio linaondoka naye.

Msoma_Nyaraka
Matendo 6 inawajibu wote wawili. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa kwenye mgao, watu wakanung'unika. Wakachaguliwa saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Upande uliolalamika ndio ukapewa ufunguo. Shemasi, kamati yenu ya diakonia, ya kuhudumia wenye shida, ina mjane hata mmoja mwenye haki ya kusaini?

Shemasi_Mkongwe
Kamati ina wazee wa kanisa waliochaguliwa kwa utaratibu. Na bado nasema dona haichachi kama imesagwa vizuri.

Kinu_Hakilali
Imesagwa vizuri vipi, mzee? Kiini unakitoa na koleo?

Kalamu_Nyekundu
Mods, badilisheni kichwa cha uzi kiwe "Dona au sembe".