Tupeane uzoefu: sala yako fupi kuliko zote ilikuwaje?

Binti Dunda: Habari za jioni wapendwa. Leo jumuiya ilikuwa kwa mama mmoja Magomeni (Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, wa Dar mtulie). Kaka mmoja kaombwa afunge kwa sala. Jamani! Kaanzia uumbaji, kapita Misri, kavuka bahari, kaombea viongozi, kaombea wagonjwa "waliolala na wanaotembea", chai ya maziwa imeshafanya utando juu. Mara katoto ka mwenye nyumba, miaka 4 hivi, kakasema AMINA kwa sauti, sote tukadakia AMINA, kaka wa watu kabaki mdomo wazi. Nimecheka mpaka njiani, halafu kicheko kikaniishia, maana hata mimi sikumbuki mara ya mwisho nimemwambia Mungu kitu ninachokimaanisha. Hebu tupeane uzoefu, nani aliwahi kusali kweli?

Mlango Mmoja: Hako katoto kapelekwe seminari haraka 😂

Baba Wawili: Dada umenikumbusha mbali. Mimi nipo kwaya miaka mingi na kwenye misiba ndo huwa nashikwa mkono nisalishe, nina maneno yangu mazuri nimeyapanga kama sahani kabatini. Basi masika moja mwanangu wa pili alishikwa na degedege saa 8 usiku. Macho yamegeuka, meno yamebana, na bibi jirani yupo mlangoni ananisihi msimpeleke, degedege likichomwa sindano mtoto hafiki asubuhi. Mke wangu analia, mimi nimevaa shati bila kufunga kifungo hata kimoja, nikapata bodaboda. Mtoto nimemkumbatia kati yangu na dereva, anawaka kama jiko, mvua inatupiga, ile barabara madimbwi matupu. Nikasema ngoja nisali. Nikaanza "Ee Baba Mwenyezi mwenye..." mwenye nini? Kabati tupu. Naapa hakuna neno lililokuja. Kilichonitoka ni "Usimchukue. Usimchukue. Usimchukue." Yule dereva, kijana wa Kiislamu wa Nianjema, akadhani naongea na yeye, akageuza shingo akasema "Simchukui popote mzee, tunampeleka hospitali." Kulikuwa na malaria kali, akachomwa hiyohiyo sindano iliyokuwa inaogopwa, akatundikiwa na damu. Sasa yuko darasa la nne na ni mtundu hasa. Ila mimi mpaka leo nikishikwa mkono nisalishe msibani naona aibu, kwa sababu najua ipi ilikuwa sala.

Mwari wa Pwani: "Simchukui popote mzee." Nimeacha kupika.

Moto wa Alfajiri: Ushuhuda mzuri, Mungu atukuzwe. LAKINI msijifiche kwenye ufupi. Luka 6:12 Yesu alikesha usiku kucha akimwomba Mungu. Usiku kucha! Watu wavivu wa maombi leo wamepata pa kuegemea.

Mlango Mmoja: Alikesha mlimani peke yake mtumishi. Hakuwa ameshika maiki.

Kombe la Kaole: Na Mathayo 6:7 unairuka? "Msipayuke-payuke"

Moto wa Alfajiri: Na nyie rozari je? Salamu Maria 53 kwa mkupuo mmoja, huo ufupi au?

Kombe la Kaole: Bibi yangu anasali rozari huku anaparua samaki, na ukimwibia kipande anakuona. Usimguse bibi.

Jirani Msikivu: Mimi sio Mkristo napita tu. Nilikuwa naomba wenye spika, ile mikesha ya Ijumaa, mtusaidie kidogo. Mungu hana shida ya masikio, mwenye shida ni mimi, naamka saa 10 nikakoke tanuri la mikate.

Moto wa Alfajiri: Tutafikisha ombi lako jirani. Ila na nyie mna spika.

Jirani Msikivu: Ya kwetu dakika 3 mtu kamaliza 🤣

Mama Kamba: Nyie mnagombana, ngoja niwape kitu. Kikoba chetu cha akina mama, wiki 2 kabla ya kuvunja na kugawana akiba, tupo ibada ya nyumbani na nusu ya waliokuwepo ni wanakikoba. Ikaombwa mtu yeyote asali. Kimya. Akanyoosha mkono dada anayeuza maandazi, mkusanyaji wetu wa marejesho, mtu ambaye hata "Bwana asifiwe" anaitikia kwa kunong'ona. Akasimama, kafumba macho, vidole vinasokota pindo la kanga, akasema: "Mungu, mimi sijui kusali mbele za watu. Marejesho ya watu nimeyala, laki na themanini. Wapo hapa hawajui. Nimeshindwa kuwaambia ndo maana nakuambia wewe wakiwa wanasikia. Amina." Hakuna aliyeitikia Amina. Mwenyekiti wa kikoba alikuwa pembeni yake kashika kitabu cha nyimbo.

Mlango Mmoja: WEWEEE

Chuma Ulete: Hiyo sio sala, huo ni ujanja wa mjini. Kamtanguliza Mungu ili nyie mshindwe kumfokea.

Mwari wa Pwani: Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali. Huyu kasimama katikati ya wadai wake, ujanja gani huo?

Chuma Ulete: Mtoza ushuru hakuwa na laki na themanini yangu.

Baba Wawili: Kumbe na wewe mwanakikoba?

Chuma Ulete: Siongei.

Mtembeza Wageni: Nikipeleka wageni pale misheni kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari, huwa nawaambia alikutwa kapiga magoti kando ya kitanda amefariki, 1873 kule kwa Chitambo, Zambia ya leo. Mwili wake ukafikishwa hapa Februari 1874. Magoti tu, neno hakuna.

Kombe la Kaole: Na watumishi wake akina Chuma na Susi waliobeba maiti yake hiyo miezi 9 walipiga magoti saa ngapi? Wageni wako waambie na hilo.

Mtembeza Wageni: Nawaambia bosi. Tipu inapungua lakini nawaambia.

Moto wa Alfajiri: Ushauri kwa anayetaka kujifunza: tenga saa moja kila siku, andika hoja kwenye daftari.

Mwari wa Pwani: Ushauri wangu: daftari litupe.

Jirani Msikivu: Wangu: maiki pia.

Binti Dunda: Mimi nilijaribu sasa hivi nikiosha vyombo. Nimesema "Mungu nimechoka na namwonea wivu dada yangu." Nikaishia hapo, sikuwa na lingine. Mama Kamba hela ilirudi??

Mama Kamba: Elfu 5 kila Jumamosi. Juzi kaleta na maandazi ya bure kwenye sahani ya bati, watu wakatazamana, mwenyekiti akachukua wa kwanza.

Chuma Ulete: Mimi nilichukua mawili.