Wahutu na Watutsi: hugawanywa kwa kigezo gani?

Swali: Wanajukwaa, ikiwa Wahutu, Watutsi na Watwa huzungumza Kinyarwanda kilekile na kuishi vilima vilevile, wanaanthropolojia huwatofautisha kwa kipi?

Jibu la 1: Si kwa lugha, wala si kwa ukoo, maana katika ukoo wa Abasinga utawakuta wote watatu. Ng'ombe na ukaribu na mfalme vilikuwa na uzito zaidi, hata Mhutu aliyetajirika kwa mifugo aliweza, ingawa kwa nadra, kuhesabiwa Mtutsi.

Jibu la 2: Naam, ila Wabelgiji ndio waliokaza fundo: miaka ya 1930 waliandika kabila kwenye vitambulisho, mtoto akarithi la baba yake. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo lilitosha kumwua mtu.

Jibu la 3: Na Burundi jirani, Baganwa waliotawala hawakuhesabiwa Wahutu wala Watutsi.