Kisu cha kukunja kimegoma kufunguka, nitumie mafuta gani? Kabla ya Ijumaa tafadhali

Kipanga wa Segerea
Wakuu, habari za majukumu. Nina kisu cha kukunja, vile vya kutia mfukoni. Mkasi na kifungua kopo vinatoka kwa shida, vinakwaruza kama vina mchanga, na kile chuma kikubwa cha kukatia ndiyo hakitoki kabisa. Kiliingia maji ya chumvi kidogo. Nimeshakiosha. Naomba kujua tu mafuta gani yanafaa na yanapatikana wapi hapa Dar. Iwe kabla ya Ijumaa. Wenye kejeli wapite kushoto. Naomba kuwasilisha.

Nyamaza Kwanza
Ijumaa kuna nini mkuu?

Dogo wa Tandika
Mafuta ya kula. Alizeti matone mawili, mchezo umekwisha. Watu mnapenda kukuza mambo.

Mama Pacha Kimara
Mleta uzi usimsikilize huyo. Mkasi wangu wa kukatia kuku niliupaka mafuta ya kula nikauweka droo. Kuja kuutoa, mafuta yameganda, yamekuwa ya njano, yanavuta kama ulimbo. Na mkasi wenyewe ulikuwa mzuri jamani, nilinunua kabla sijaolewa, wifi yangu akauazima kukatia waya wa kuku... Ngoja niishie hapa, wifi naye yumo humu.

Kobe Mzee
Oili chafu. Gereji yoyote wanakupa bure. Mchwa wenyewe wanaikimbia.

Mama Pacha Kimara
Kisu cha kumenyea embe unakipaka oili iliyotoka kwenye injini? Mnatafuta nini hospitali?

Abiria Daima
Mimi hivi visu sivitaki tena. Nilisahau kimoja kwenye begi la mkononi nikafika nacho Terminal 3, mashine ikakiona kabla mimi sijakikumbuka. Nikaambiwa nichague, nirudi nje au nikiache. Ndege inaita. Nikakiacha. Kilikuwa kikali, kinanyoa hadi vinyweleo vya mkono. Mpaka leo nikipita pale naangalia lile pipa.

Nyamaza Kwanza
Pole mkuu. Mleta uzi, Ijumaa.

Fundi Cherehani Keko
Kabla ya mafuta, nijibu mawili. Mpini ni wa nini: plastiki, mbao au pembe? Na ulikiosha vipi?

Kipanga wa Segerea
Mbao. Lakini sioni mpini unahusika vipi, tatizo ni kulainisha. Nilikiloweka kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni usiku kucha, kuna video ilielekeza hivyo. Chumvi ni ya Kigamboni, tulikuwa tunakata pweza ufukweni.

Fundi Cherehani Keko
Unahusika mno. Kina pete ya chuma shingoni, inayozunguka?

Kipanga wa Segerea
Ndiyo. Umejuaje?

Fundi Cherehani Keko
Mzee mmoja jirani yangu anacho, huwa namtilia mafuta. Hicho ni Opinel, cha Ufaransa, mkoa wa Savoie. Vinatengenezwa tangu 1890, pete ikaongezwa 1955 ili chuma kisijikunje kikakata vidole. Wakati mwingine kwenye chuma kuna alama ya mkono wenye taji.

Sasa sikiliza. Huna shida ya mafuta. Mbao imekunywa maji, imevimba, na ule ufa kinamolala chuma umekibana. Umwage hata dumu zima la mafuta, mbao haisinyai. Usichokonoe kwa bisibisi, utapasua mpini, na usikishike kwa koleo. Kiweke kivulini penye upepo siku kadhaa. Siyo juani, siyo juu ya jiko, siyo nyuma ya friji. Hewa yetu yenyewe ina maji tele, kwa hiyo haraka yako ya Ijumaa mbao haiijui.

Kikianza kulegea, wenyewe Savoie wana njia yao. Zungusha pete ilingane na ufa ili chuma kipate njia. Gonga kitako cha mpini, ule mgongo wake, kwenye ukingo wa meza ngumu. Ncha ya chuma imelala upande huohuo wa kitako, ukigonga inachungulia. Unaidaka kwa vidole taratibu, makali hayako upande wa vidole vyako.

Kikitoka, soma kilichoandikwa. CARBONE kinashika kutu, INOX kinavumilia zaidi, ingawa chumvi ikilala muda mrefu hata inox inatobolewa vitundu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, kausha hapohapo. Kutu nyekundu isugue kwa stili wulu laini na tone la mafuta. Ule ukijivu wa carbone uache, unakikinga.

Ndipo mafuta. Tone moja kwenye pini, lingine chini ya pete, fungua na funga, futa yanayochuruzika. Ukizidisha yanakaribisha vumbi. Mafuta ya cherehani yanatosha, yale mepesi meupe, maduka ya vipuri vya cherehani Kariakoo yamejaa. Kama ni kisu cha chakula, nenda duka la dawa uombe likwidi parafini, ile wanayopewa wenye choo kigumu. Haigandi wala haichachi. Usirudi na mafuta ya taa.

Dogo wa Tandika
Kwa hiyo kisu kina ugonjwa wa tumbo 😂

Mwana Gereji Buguruni
Mnahangaika. WD-40, puu, kwisha.

Fundi Cherehani Keko
Inafaa kufukuza maji na kulegeza kutu, ilitengenezwa Marekani 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu. Ila nyingi inapeperuka, inabaki utando mwembamba. Baada yake bado utatia mafuta. Na pweza wako atanukia karakana.

Nyamaza Kwanza
IJUMAA KUNA NINI?

Kipanga wa Segerea
Sawa. Kisu ni cha baba mkwe. Wamesafiri, sisi tunawalindia nyumba, Ijumaa wanarudi. Alikuwa baharia, alikinunua Marseille ujanani, anakiweka kwenye kabati la vyombo na hakitumii. Kitu hakitumiki kuna ubaya gani mtu akikitumia? Pweza wenyewe nilimpelekea mwanawe.

Mama Pacha Kimara
Kabati la mkwe umelifungua wewe? Sisi kwetu mkwe hata kiti chake hukalii.

Ustadh wa Mtaa
Kitu cha mtu ni amana. Mpigie simu leo, mwambie kabla hajakiona. Mtu mzima akiambiwa mapema husamehe, akigundua mwenyewe ndipo panapoharibika.

Kipanga wa Segerea
Simu siwezi. Hamumjui.

Jicho la Pembeni
Naombeni nafasi kidogo. Bandiko la kwanza: mkasi na kifungua kopo vinakwaruza. Sasa hivi mpini wa mbao na pete. Opinel ya kawaida ina chuma kimoja tu, mkasi umetokea wapi? Halafu anakaa Segerea, mara analinda nyumba, mara baharia, Marseille. Hii chai, tena ya rangi, haijatiwa hata tangawizi.

Dogo wa Tandika
😂😂 Nilijua! Leteni vitafunwa.

Kobe Mzee
Na mimi nimeshapoteza ushauri wangu wa bure.

Abiria Daima
Pweza pia hayupo. Weka picha.

Fundi Cherehani Keko
Jicho amesema kweli kuhusu mkasi, na mimi nilikuwa nauliza moyoni. Kipanga, jibu.

Kipanga wa Segerea
Siyo chai. Visu ni viwili. Niliona nikieleza vyote uzi utakuwa mrefu. Cha mzee ndicho kimegoma. Cha pili nimenunua Kariakoo juzi, chekundu, kina msalaba mweupe, mkasi, kifungua kopo, kila kitu. Muuzaji alisema ni cha Uswisi. Nimefikiria nimwambie mzee kuna kibaka alipita dirishani, kisha nimpe hiki kama zawadi. Kwa kweli ni bora kuliko chake, kina vitu vingi. Shida yake ni kukwaruza tu.

Mama Pacha Kimara
Kibaka aliyeacha televisheni akabeba kisu cha mbao.

Jicho la Pembeni
Naondoa neno chai. Hii ni mbaya kuliko chai.

Ustadh wa Mtaa
Umeshanunua na uongo umeshautunga, ulikuja kuomba ushauri wa nini?

Kipanga wa Segerea
Wa mafuta. Niliuliza mafuta.

Fundi Cherehani Keko
Basi hicho chekundu ndicho cha maji ya uvuguvugu. Cha plastiki na chuma: maji na sabuni ya vyombo, ukifungue na kukifunga humohumo majini, mswaki wa zamani uingie kwenye viungo, suuza, kausha kabisa, tone la mafuta kila kiungo. Victorinox, wanaotengeneza vile vyekundu vya Uswisi, wenyewe wanaelekeza hivyo. Soma shina la chuma kikubwa. Kama jina lao halipo, ulinunua rangi nyekundu. Kwa mzee sisemi kitu, nina wakwe pia.

Kipanga wa Segerea
Mrejesho, Alhamisi usiku. Nilikiweka kwenye dirisha la koridoni. Leo nimegonga kitako kwenye ngazi ya saruji, ncha imechungulia, nimeivuta. Ni CARBONE, kutu ipo upande mmoja. Nasugua. Mke wangu amenikuta nasugua, ameuliza, nimemwambia. Ameshampigia baba yake. Sijui wamezungumza nini, amecheka sana kwenye simu kisha akaniambia kesho niende kuwapokea stendi ya Magufuli na kisu nije nacho.

Nyamaza Kwanza
Ahsante. Nilitaka hiyo Ijumaa tu.

Abiria Daima
Hicho chekundu unauza?