Naomba ushauri: lesi ya kitambaa cha meza ya duara imepungua

Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi cherehani, hesabu niliziacha darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Mteja ana meza ya duara yenye kipenyo cha sm 140. Nilizidisha kwa 22/7, nikapata mzingo wa sm 440. Akataka kitambaa kining'inie sm 20 kila upande. Nikajumlisha 40 kwenye 440, nikapata 480, nikanunua lesi mita 5 nikijua itabaki. Wapi! Nimezungusha yote, na pengo lililobaki ni karibu shibiri tatu. Nikadhani futi kamba yangu imevutika, nikapima upya kwa uzi: sm 566.

Hapo ndipo nimekwama. Je, ile 40 nilipaswa kuijumlisha kwenye kipenyo kwanza, iwe 180, ndipo nizidishe kwa 22/7?

La pili: kuna meza ya nusu duara, inakaa ukutani, kipenyo ni sm 140 hiyo hiyo, bila kuning'iniza. Lesi izunguke kote. Nikate 220 tu, au niongeze na ule upande ulionyooka iwe 360? Lesi yenyewe ni ghali, sitaki kukosea tena.