Forester ya turbo, Nakuru: nipandishe presha ya petroli hadi bar 4 au ninunue injekta kubwa?

MwanaLanet (Nakuru)
Wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina Subaru Forester yenye injini ya EJ20. Turbo nimebadilisha, iliyopo sasa ni kubwa kuliko ya kiwandani, na busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) nimeiweka bar 1.2. Injekta ni zile zile za cc 550 kwa dakika, regulata ya petroli (kidhibiti cha presha yake) ni ya kiwandani, pampu niliikuta kwenye gari. Nikikanyaga kwa gia ya tatu, ikipita mizunguko 5,500 inasita, na kipimo cha ekzosti kinasoma 12.6 za hewa kwa 1 ya petroli. Yaani petroli haitoshi; hapo nataka kuona karibu 11.2. Kompyuta inaonyesha injekta zinakaa wazi asilimia 92 ya muda.

Fundi wa kwanza anasema nifunge regulata ya kurekebisha tupandishe presha ya msingi kutoka bar 3 hadi 4. Wa pili anataka injekta za cc 750. Njia ya kwanza ni nafuu zaidi. Nifuate ipi?

Mark2_Njoro
Mimi natumia bar 4 kwenye injini yangu ya Toyota 1JZ, injekta za cc 380 za kiwandani, na sijajuta. Hesabu yake haina siri: petroli inaongezeka kwa kipeuo cha pili (square root) cha uwiano wa presha. Kutoka 3 kwenda 4 unapata kama asilimia 15, basi. Zako za cc 550 zitafanya kazi kama za 635, na ile 92 itashuka hadi 80.

Lakini usipandishe presha ukaiacha kompyuta ikidhani bado ni bar 3. Ukubwa wa injekta ubadilishwe kwenye ramani (mipangilio ya petroli ndani ya kompyuta), na muda ambao injekta inachelewa kufunguka pia, maana presha ikipanda injekta inafunguka kwa shida zaidi. Nilipuuza hilo la pili, gari likawa linatetemeka kwenye foleni wiki nzima.

FundiKibuye (Kisumu)
Mark2, busti yako ni ngapi? Nauliza kwa sababu regulata inaongeza bar moja ya petroli kwa kila bar moja ya busti. MwanaLanet akiweka msingi wa 4 na busti 1.2, pampu inatakiwa kusukuma bar 5.2. Kila pampu hupunguza ujazo presha inapopanda, na nyingine zina vali ndani inayofunguka na kurudisha petroli tangini. Utalipia regulata halafu petroli ipungue pale pale unapoihitaji.

MwanaLanet, kabla ya yote, presha umeipima? Kwa busti ya 1.2 geji lazima isome 4.2. Ikisoma 3.5, injekta inasukumwa na bar 2.3 tu, kwa sababu busti inaipinga kutoka upande wa pili.

Mark2_Njoro
Busti yangu ni 0.8, na pampu nilibadilisha kwanza. Hapo fundi yuko sawa, nilipaswa kulitaja.

MwanaLanet (Nakuru)
Sijapima, fundi. Naomba unielekeze namna ya kufanya vizuri.

FundiKibuye (Kisumu)
Toa presha kwanza: chomoa rilei ya pampu, acha injini ijizimie yenyewe, ndipo ufungue mpira. Injini iwe imepoa na kizima moto kiwe mkononi. Sisi wa barabara hii tunaukumbuka moto wa lori la petroli wa Sachangwan, 2009, tunajua petroli inavyofanya. Tumia mpira wa injini za injekta. Ule wa kabureta utapasuka. Geji iwe ya sensa ya umeme. Mpira wenye petroli usiingie ndani ya gari hata kwa dakika moja.

Injini ikinguruma bila kukanyagwa, chomoa mpira mwembamba wa regulata unaotoka kwenye manifoldi, uzibe upande wa manifoldi. Hapo ndipo presha ya msingi inaposomwa: bar 3, yaani psi 43.5. Usiisome mpira ukiwa umefungwa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa yenu ni nyepesi, kwa hiyo mvuto wa manifoldi ni mdogo kuliko wa Mombasa na namba ya kitabuni haitalingana na yako. Ukirudisha mpira, presha ishuke kama nusu bar. Isiposhuka, mpira umetoboka au regulata imekufa.

Nyar_Ziwa
Kaka, pima na umeme kwenye pampu yenyewe, injini ikiwa chini ya mzigo. Yangu ilikuwa inapata volti 11 kupitia waya wa kiwandani. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi na rilei, nikapata pampu mpya bila kununua pampu.

MwanaLanet (Nakuru)
Nimerudi baada ya siku tisa. Msingi ulikuwa 3.0 kamili. Kwa busti 1.2 geji ilifika 3.5, kama fundi alivyosema. Volti kwenye pampu: 11.2. Nimevuta waya kama dada alivyoelekeza, sasa ni 13.4, na presha kwenye busti inafika 4.2. Gari halisiti tena. Kipimo kinasoma 11.0. Tulipima kwa mashine ya dyno, gari likiwa limesimama. Barabara ya Salgaa sikuithubutu, na yeyote anayesoma hapa asiithubutu.

Basi injekta niziache?

FundiKibuye (Kisumu)
Hapana. Ile 92 bado ipo, hata ukirekebisha ramani utabaki na kama 90. Halafu hiyo ni 90 ya Nakuru. Hewa yenu ni kama bar 0.81, ukijumlisha busti 1.2 injini inavuta 2.01. Ukiteremka nayo Mombasa kwa busti hiyo hiyo ya geji, inavuta 2.21, asilimia 10 zaidi. Injekta zitakuwa wazi muda wote na petroli itaisha kabla ya hewa. Pistoni za EJ hazivumilii kugonga (petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda).

Kama gari halitoki Bonde la Ufa na busti utaishusha hadi 1.0, kaa ulivyo. Kama unasafiri nalo, chukua za 750, acha msingi kwenye bar 3.

MwanaLanet (Nakuru)
Desemba huwa tunashuka Mombasa na familia. Nimeshusha busti hadi 1.0 leo asubuhi, na pesa za regulata nimeziweka kwenye injekta. Zikifungwa nitaweka vipimo hapa.