Wakuu, lenzi ya kale inanigeuzia wali kuwa pilau

Mwana_Shangani: Habari za jioni wakuu. Kuna mgahawa mdogo hapa Mtwara umenipa kazi ya picha za menyu. Natumia kamera ya Canon na lenzi ya zamani, Takumar 50mm f/1.4, kwa adapta ya M42, kile kipete cha kuungia lenzi za skrubu. Wali wa nazi unatoka kama pilau, sahani nyeupe utadhani zimepakwa manjano. Mwenye mgahawa kanuna. Nifungue lenzi nisugue kioo?

Kijiwe_Ligula: Picha za nini? Weka ming'oko, vile viazi pori vyetu, mezani, wateja watakuja wenyewe.

FundiMwanga: Usifungue! Takumar nyingi za aina hiyo zina kioo chenye thoriamu, madini yenye mionzi, hugeuka njano kwa miaka. Ianike juani wiki kadhaa, njano itapungua, ila isielekee kitu kinachoshika moto. Kwa sasa piga kwanza karatasi nyeupe, uiwekee kamera iwe kipimo cha weupe. Na usipige chakula kwa f/1.4, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kichwa cha kamba kitaonekana, mkia ukungu. Libane, nenda f/5.6. Ulipiga saa ngapi?

Mwana_Shangani: Usiku, kwenye balbu za njano. Mchana kumejaa wateja.

FundiMwanga: Kumbe! Na ukaja kuisema lenzi peke yake. Rudi asubuhi, kaa dirishani. Kwani haraka ya nini, keshakulipa?

Mwana_Shangani: Kuna kitu kidogo kanitangulizia.

Kijiwe_Ligula: Kiko wapi?

Mwana_Shangani: Nimeagizia lenzi nyingine ya kale, Helios 44-2, iko kwenye basi kutoka Dar. Ile ukipigia, ukungu wa nyuma ya sahani unaonekana kama unazunguka, picha inakuwa na roho. Hela ya kazi si imerudi kwenye kazi?

MamaMabibo: Mwanangu, hela ya mtu haina roho. Shemeji yangu alinikopa akasema akishauza korosho ananilipa. Korosho zimeuzwa, simu hapokei. Na nyumbani kwake kapiga bati jipya, nalipita kila siku.

FundiMwanga: Helios yenyewe haishiki fokasi chini ya nusu mita. Kikombe cha chai utakipigia meza ya jirani.

Mpekuzi_Lindi: Chai ndiyo hii tunayonyweshwa. Mwezi jana kuna mtu aliuza humu Takumar "yenye rangi ya dhahabu", uandishi huu huu. Jamaa anajitengenezea soko.

Mwana_Shangani: Wallahi siyo mimi! Mimi ndiye niliyeinunua!

Lenzi_za_Babu: Muuzaji nipo. Dhahabu niliandika, hukuuliza. Na ile Helios, hela ya kuusafirisha mzigo bado hujanipa.